Methadoni ya Bombo au soba hausi? Hesabu za kufanya kabla hujatoa pesa

Jiko letu la gesi la plati mbili tulilinunua shilingi 85,000 kwenye duka moja la Ngamiani, hapa Tanga mjini. Mdogo wangu aliliuza 15,000. Bei hiyo naijua kwa sababu nilimfuata aliyelinunua nikalikomboa kwa 30,000, na baada ya wiki tatu likaondoka tena. Safari ya pili sikulifuata.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo hata machungu ya nyumbani niliyaandika kwenye daftari. Upande mmoja niliandika alichopata yeye, upande wa pili tulichopoteza sisi. Jiko la 85,000 likageuka 15,000. Baiskeli ya marehemu baba ikageuka 20,000. Cherehani ya mama, ile iliyotusomesha, ilikwenda kwa pesa ya siku tatu za unga, yaani heroini, na pamoja nayo zikaenda sare za shule ambazo mama angeshona Januari ile, na Januari zote zilizofuata. Watu wakizungumzia gharama ya dawa za kulevya hutaja bei ya kete, kile kipakiti kimoja cha unga. Katika daftari langu, kete ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

Kina mama wa Makorora na Mwanzange wanaonijua huniuliza swali moja: "Mwanangu, huyu kijana nimpeleke soba au nimpeleke methadoni?" Soba, au soba hausi, ni nyumba anakokaa mtumiaji kwa miezi akijifunza kuacha; methadoni ni dawa anayoinywa kliniki. Mdogo wangu amepita kote kuwili. Amepita pia njia nyingine mbili ambazo familia haziziiti njia, lakini nazo zina gharama zake: kuachwa hivyo hivyo, na kufungwa. Nazipanga hapa zote nne, na sitaficha ninakoegemea.

Anza na anachotumia

Kabla hujauliza bei, jua kijana anatumia nini. Methadoni ni dawa ya watu wa heroini na jamii yake ya afyuni, basi. Hukaa pale pale kwenye ubongo ambapo heroini hukaa, ila yenyewe hupanda polepole na hudumu mwilini siku nzima au zaidi. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka. Haipiti nusu siku tangu kete ya mwisho, arosto imeshaanza: mafua, miayo, mifupa kuuma, kuharisha, jasho na baridi kwa wakati mmoja. Anayekimbia arosto ndiye anayebeba jiko la mama yake. Akiwa kwenye kipimo sahihi cha methadoni arosto haiji, na wala halewi.

Kwa anayetumia bangi, mirungi au kokeini, methadoni haina kazi. Ikichanganywa na pombe ni hatari, maana vikikutana mwilini vinaweza kumzimia mtu pumzi akiwa usingizini. Kwa hiyo kama kijana wako anavuta au anajidunga unga, una chaguo la kweli kati ya soba na methadoni. Kama tatizo lake ni pombe, nitafika huko mwishoni, na mambo yake ni tofauti kabisa.

Methadoni: ni bure, ila ni kila siku

Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili, Februari 2011, kisha huduma ikasambaa mikoani. Kwetu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Dawa yenyewe hulipii.

Miezi miwili ya mwanzo nilimsindikiza mwenyewe. Anayesubiri kwenye dirisha la kutolea dawa hachati wala hacheki sana, anaangalia tu zamu yake. Ikifika, nesi anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Haya, kunywa."

Anakunywa. Anawekewa maji kidogo kwenye kikombe kile kile, anayanywa pia.

"Umelalaje?"

"Nimelala vizuri, sista. Miguu leo haijauma."

Nilidhani ni salamu ya upole tu. Kumbe swali lile linamlazimu afungue mdomo aongee, nesi aone kwamba dawa imemezwa, haikubanwa shavuni ikauzwe nje. Siku nilipolielewa hilo nilianza kuwaamini.

Jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: kipimo huanza kidogo na kupandishwa taratibu kwa usalama. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa wengi ni miligramu 60 hadi 120 kwa siku, na hakifikiwi wiki ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo mdogo wangu alikunywa dawa asubuhi na bado jioni akatafuta kete. Nusura nimtoe. Mama ndiye aliyesema, "Mwache, hata dawa ya minyoo haifanyi kazi siku hiyo hiyo." Wiki ya tano akaniomba pesa ya kunyoa. Kwa muda mrefu hakuwa ameniomba pesa ya kitu kinachoonekana.

Sasa hesabu. Nauli ya daladala 600 kwenda na 600 kurudi ni 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Ongeza nauli yangu ya kumsindikiza miezi miwili, 72,000. Jumla 504,000. Hiyo ni ya mtu anayekaa mjini. Anayetoka Muheza, tuseme nauli yake ni 5,000 kwa siku, atatoa 150,000 kwa mwezi kabla hajala. Wa Pangani au Handeni ndiyo usiseme. Familia kadhaa huamua kumpangishia kijana chumba mjini, na hapo inabidi uhesabu kodi, chakula, na nani atakayemwangalia.

Gharama kubwa ya methadoni, hata hivyo, ni asubuhi. Dirisha linamtaka kila siku, iwe Jumapili, Idi au Krismasi, na akikosa siku kadhaa mfululizo kipimo hushushwa apande upya. Mdogo wangu ni mvuvi. Mvuvi anayekunywa methadoni hawezi kwenda dago. Wenzake wakifunga safari ya wiki tatu kulala visiwani kufuata samaki, yeye anabaki Deep Sea na ngalawa za kutoka jioni na kurudi alfajiri. Dereva wa lori naye hivyo hivyo, kibarua wa mashamba ya mkonge anayelala kambini hivyo hivyo. Kabla hujamwandikisha, kaa naye mzungumze ni kazi gani itamruhusu kufika dirishani, maana anayekosa kazi anarudi kijiweni hata kama dawa anakunywa. Kwa sisi Waislamu kuna na swali la Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, lakini muulizeni shekhe wenu na mzungumze na wahudumu kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ya funga.

Je, ni ya muda gani? Hesabu mwaka kwa uchache, na wengi huenda miaka. Hapa ndipo ndugu hukata tamaa: "Mmembadilishia unga mmoja kwa unga mwingine." Nimeisikia hiyo misibani, harusini, hata kwa watu ninaowaheshimu. Siikubali. Unga aliutafuta mara tatu au nne kwa siku, kila mara kwa pesa asiyokuwa nayo, bila kujua umechanganywa na nini. Methadoni ni mara moja, imepimwa, na akishatoka dirishani saa zote zilizobaki ni zake. Tangu mwaka 2005 imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Mwenye kisukari hatumuulizi ataacha lini sindano yake.

Soba: unalipia kuta na watu

Ya kwanza tuliyompeleka ilikuwa nje ya mkoa, sitaitaja. Walitaka miezi mitatu mbele, 200,000 kila mwezi. Tukalipa 600,000, na 70,000 nyingine ya godoro, ndoo, shuka na sabuni. Risiti hatukupewa. Hakuna aliyempima chochote. Wiki ya tano alitoroka, na tulipoulizia pesa ya muda uliobaki tukaambiwa nyumba ina utaratibu wake. Pesa ile ilikuwa mkopo wa kikoba cha mama. Tuliulipa mwaka mzima.

Ya pili ilikuwa nyumba ya watu wa kweli. Miezi minne, 800,000, tukilipa mwezi kwa mwezi. Waliokuwa wakiiendesha wenyewe wamewahi kutumia, kwa hiyo hakuna uongo ambao hawakuwahi kuusema. Kuamka mapema, kufagia, kupika kwa zamu, kikao cha asubuhi na cha jioni, hatua 12 zile za kukiri na kurekebisha ulichoharibu. Arosto waliipitisha bila methadoni: siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, wiki ikiisha mwili unaanza kutulia. Alirudi na mashavu. Alimwomba mama msamaha kwa kutaja kitu kimoja kimoja alichouza, na cherehani aliitaja mwisho.

Alidumu siku 19.

Hili lazima niliandike wazi. Mwili uliokaa miezi bila heroini unapoteza ule ustahimilivu wake. Kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumuua akikirudia siku ya kwanza. Sisi tulimkuta chooni midomo imebadilika rangi, na jirani mwenye bajaji akatuwahisha. Kwa hiyo mtu akitoka soba, au akitoka gerezani, wiki za mwanzo ndizo za kutomwacha peke yake, na kama anaanguka, aanguke kuelekea kliniki.

Sisemi soba ni mbaya. Kuna mtu ambaye ndiyo inayomfaa: anayekaa mbali na Bombo kiasi kwamba nauli ya kila siku inafika bei ya soba, ambaye kijiwe kiko mlangoni kwake na hana pa kuhamia, au ambaye mwenyewe amekata shauri na anataka kukaa pembeni na dunia kwa muda. Anayepelekwa kwa nguvu usiku akiwa amefungwa kamba, mara nyingi unalipia kutoroka kwake.

Ukienda kuiona nyumba, nenda mchana bila kutoa taarifa. Omba kuona usajili wao. Uliza nani anampima akiingia na wanampeleka hospitali gani akizidiwa. Uliza kama wanaruhusu dawa za VVU na za kifua kikuu, kwa sababu zipo nyumba zinazochukulia kila kidonge kuwa ulevi. Lipa mwezi mmoja na udai risiti. Ukiona mnyororo, geuza.

Njia mbili zinazoonekana hazina gharama

Kumwacha. Tuseme anatumia 10,000 kwa siku. Ni 300,000 kwa mwezi, 3,650,000 kwa mwaka. Sasa rudi kwenye jiko langu. Hata kama nusu tu ya pesa hiyo inatokana na vitu anavyoiba, yaani 1,825,000, basi kwa bei aliyouzia jiko, vitu vyenye thamani ya zaidi ya milioni 10 vimehama mikononi mwa watu kwa mwaka mmoja. Kwa kijana mmoja. Nani amelipa? Mama yake, jirani aliyeibiwa nguo kambani, mwenye boti anayelala ndani ya boti kulinda injini badala ya kulala kwake, mwenye duka aliyeweka nondo dirishani. Nondo hizo mimi ndiye niliyewauzia, na nimeziandika kwenye mauzo ya duka kama faida. Lakini ile ni pesa ambayo ingenunua friji ya soda au mzigo mpya.

Ongeza sindano za kuchangia, zinazosambaza VVU na homa ya ini, magonjwa ambayo matibabu yake tunalipa wote. Ongeza kijana wa miaka 26 ambaye hakuvua, hakulipa ushuru wa samaki, hakumlea mtoto wake. Mtoto huyo analelewa na bibi asiye na cherehani.

Kumfunga. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kituoni, kwa hasira, na pia kwa hofu, kwa sababu wiki ile vijana wa mtaa walikuwa wameshaanza kumuitia mwizi. Alikaa miezi sita. Hatukuibiwa, ni kweli. Tulilipa nauli za kumtembelea, na serikali ikalipa askari, hakimu na chakula. Alitoka akiwa hajatibiwa chochote, na hatari ile ile ya mtu aliyetoka soba.

Kuna hesabu ya Marekani ambayo taasisi yao ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya imekuwa ikiitoa: mwaka mmoja wa methadoni kwa mtu mmoja ulikuwa kama dola 4,700, mwaka mmoja wa kifungo dola 24,000 hivi. Taasisi hiyo hiyo ilisema kila dola inayowekwa kwenye matibabu ya uraibu hurudisha dola 4 hadi 7 kwa kupungua uhalifu, kesi na wizi, na ukiongeza kinachookolewa hospitalini inaweza kufika 12. Dola za kule huwezi kuzileta Tanga kama zilivyo. Uwiano ndio wa kuuangalia: kufunga mara tano ya kutibu.

Sheria iwe kali, nakubali, lakini iwe kali kwa wenye kilo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Mzigo kama ule ndio unaotakiwa kumpeleka mtu jela, na ukiwa na habari za wauzaji, namba ya Mamlaka, 119, ni ya bure. Mwenye kete moja mfukoni akifungwa, muuzaji wake anapata mteja mwingine kesho yake.

Kama ni pombe

Hapa nitakwenda haraka, ila jambo moja ulishike: mlevi wa miaka mingi anayekunywa kila siku asikatizwe ghafla nyumbani wala asipelekwe moja kwa moja soba. Arosto ya heroini inatesa, lakini kwa kawaida haiui mtu mwenye afya. Ya pombe inaweza kuua: mikono kutetemeka, kisha degedege, kuona vitu visivyokuwepo, ndani ya siku nne za mwanzo. Aanze hospitali, apewe dawa za kumtuliza, mwili ukishakuwa salama ndipo soba ina maana kubwa, maana kwa mlevi hakuna dirisha la kikombe cha kila siku. Mjomba wetu wa gongo alitibiwa hivyo, na ninaamini ndiyo sababu yupo hai.

Gharama ya pombe haiandikwi kwa sababu haibebi jiko. Serikali ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za vifuko vidogo, tarehe 1 Machi 2017, mnazi na bia vikaendelea. Marekani walipojumlisha hasara ya unywaji wa kupindukia kwa mwaka 2010 walipata dola bilioni 249, na asilimia 72 yake ilikuwa kazi isiyofanyika; hospitali zilichukua asilimia 11 tu. Mimi hiyo 72 naiona dukani kila Jumatatu. Mteja amelipia mifuko 30 ya saruji Jumamosi, gari limeshapangwa, fundi mkuu hapatikani kwenye simu. Vibarua wanne wamekaa juu ya tofali, wanasubiri, na mwenye nyumba anawalipa.

Mimi ningeanzia wapi

Kwa mtumiaji wa unga anayekaa Tanga mjini, ningeanza Bombo, na soba ningeiweka akiba. Soba mbili zilitugharimu 1,470,000, mwaka wa methadoni 504,000, lakini si bei iliyoniamulia. Alipoteleza akiwa kwenye methadoni, kesho yake alirudi dirishani na wakampokea. Alipoteleza baada ya soba, karibu tumzike.

Ana mwaka na miezi saba kwenye methadoni sasa. Wiki iliyopita nahodha wake wa zamani alimpigia simu: kaskazi imetulia, kuna dago la wiki tatu, nafasi yake bado ipo. Kwa makadirio yake angerudi na 400,000. Kwa ngalawa za karibu, wiki tatu zinampa kama 120,000. Amekataa, na usiku ule hakula. Hiyo 280,000 nimeiandika kwenye daftari, upande wa gharama za methadoni.